Mbale, Fort Portal au Kilembe: mji gani wa mlimani kwa siku moja ya jiokashi?

Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lilelile. Mtu ameshapakua programu, ameshajua kusoma kodineti (tarakimu zinazoonyesha mahali kwenye ramani), amepata visanduku viwili vitatu Kampala au Jinja, na sasa anataka kutoka kabisa: siku nzima, hewa ya mlimani, mji wenye umri wake. Ana Jumamosi moja na nauli ya safari moja. Aende Mbale chini ya mlima Elgon, Fort Portal inayotazamana na Rwenzori, au Kilembe, ule mji wa shaba uliojibanza bondeni juu ya Kasese?

Nimecheza katika miji yote mitatu na kila mmoja umenipa siku nisiyoisahau. Kabale nimeiacha nje makusudi, maana kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 400 na siku yenyewe huishia barabarani.

Kwa aliye mgeni: jiokashi ni mchezo wa kutafuta kisanduku kilichofichwa, ukiongozwa na GPS. Ulianza Marekani tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake kwa raia wa kawaida. Dave Ulmer alificha ndoo porini huko Oregon, akatangaza kodineti zake, na akaweka sharti moja: ukichukua kitu, acha kitu. Ndani ya kisanduku huwa na daftari. Unaandika jina lako na tarehe, unafunga vizuri, unarudisha palepale ulipokitoa.

Vipimo vyangu

Wengi huanza kwa kuhesabu alama kwenye ramani ya programu: mji wenye alama nyingi ndio wanaoutaka. Kwa Uganda sikushauri hivyo. Visanduku vyetu ni vichache, na vingine vimebaki kwenye ramani tu. Kopo zuri la plastiki lenye kifuniko ni chombo cha jikoni, mtoto akiliona kwenye shina la mti atalipeleka kwa mama yake, na mtoto huyo hana kosa. Basi usiku wa kuamkia safari fungua ukurasa wa kila kisanduku, uangalie kilipatikana lini mara ya mwisho. Kama watatu wa mwisho wameandika kwamba hawakukiona, usikijengee siku yako.

Kwa hiyo mimi naupima mji kwa mambo matano: safari yenyewe, vitu vya kutafuta hata kisanduku kikikosekana, anga na ardhi, watu na ruhusa, halafu mvua na chakula. La pili na la nne ndiyo yanayoamua. Hayo mengine yanapangika.

Safari

Mbale ni ya karibu kwa watu wa mashariki. Nikitoka Jinja saa kumi na mbili asubuhi na kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi, kufika saa tatu na nusu niko kwenye mnara wa saa katikati ya mji, na jioni narudi kulala kwangu. Wa Tororo, Busia na Malaba wana raha zaidi. Anayetoka Kampala aongeze foleni za Mukono, ahesabu saa nne hadi tano kila upande. Inawezekana kwa siku moja, ila utarudi umechoka.

Fort Portal iko kama kilomita 300 kutoka Kampala kupitia Mubende na Kyenjojo. Panda gari Ijumaa, ulale, ucheze Jumamosi. Ukijidanganya kwamba utakwenda na kurudi siku hiyohiyo, utakuwa umelipa nauli ya kuangalia mashamba ya chai dirishani.

Kilembe ndiyo ya mbali kupita zote: zaidi ya kilomita 350 hadi Kasese, kisha kama kilomita 12 za kupanda kwa bodaboda au gari la kuchangia. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyohiyo, lakini leo abiria hana budi kupita barabarani. Wengi hawajui kwamba kutoka Fort Portal hadi Kasese ni kilomita 75 tu. Aliyelala Fort Portal anaweza kuifanya Kilembe kuwa safari halali ya siku moja.

Vitu vya kutafuta

Mbale ni mji wa historia ya watu. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyefika huku na jeshi lake mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wake. Mwaka 1919 yeye na wafuasi wake waliishika dini ya Kiyahudi, na wazao wa jumuiya hiyo, Abayudaya, wanasali hadi leo katika sinagogi lao kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji. Upande mwingine wa mji huohuo kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988. Pale Mutoto ndipo imbalu, tohara ya Wamasaaba, inapofunguliwa kila Agosti ya mwaka wa shufwa. Ni mji mmoja, na yote hayo yako ndani ya umbali wa bodaboda.

Kwa hiyo Mbale inafaa sana kwa kisanduku cha hatua nyingi, ambacho kodineti za kwanza zinakupeleka mahali pa kusoma kitu, mwaka ukutani au idadi ya nguzo, na tarakimu hizo ndizo zinazokamilisha kodineti za pili. Maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi yanasaidia, maana mengine yana mwaka wa ujenzi kwenye paji la ukuta. Kama hakuna kisanduku kilichosajiliwa, mmoja wenu atangulie asubuhi aandae njia ya hatua tano, na jioni akusanye kila alichokiweka. Tumefanya hivyo na wapwa zangu, na hawakuuliza hata mara moja kama mchezo huo ni rasmi.

Fort Portal ina ardhi inayofundisha. Kuna aina ya jiokashi isiyo na kopo wala daftari: unafika mahali, unaangalia mwamba au maji, unajibu maswali kuhusu jinsi vilivyotokea, unatuma majibu. Aina hiyo ilianza mwaka 2004, na kwa nchi ambayo makopo hupotea naiona kama imetengenezwa kwa ajili yetu. Nje ya Fort Portal, upande wa Nyakasura, kuna Amabere ga Nyinamwiru, pango lenye maporomoko ya maji mbele yake, ambapo maji yenye chokaa yamedondoka kwa miaka mingi mno hadi yakajenga mawe yanayoning'inia kama matiti. Wenyeji watakusimulia habari za binti Nyinamwiru, mama yake Ndahura wa ukoo wa Bacwezi, na baba yake aliyemkata matiti ili asiposwe. Kusini ya mji kuna maziwa ya kreta yaliyotokana na milipuko ya volkano. Ndani ya mji, kilimani, kuna Karuzika, ikulu ya Omukama, yaani mfalme, wa Tooro, iliyoporwa baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979 na kukarabatiwa mwaka 2001 kwa msaada wa Muammar Gaddafi. Makaburi ya wafalme ya Karambi yako kama kilomita 5 kwenye barabara ya Kasese.

Kilembe ni kitu kingine kabisa, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Jinja. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia mwaka 1956 hadi mapema miaka ya 1980, lakini haikuyeyushwa kule. Ilipakiwa Kasese, ikavuka nchi nzima kwa treni hadi Jinja, kwa sababu bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954 na umeme ulikuwa kwetu. Mtaa wetu wa viwanda ulijengwa kwa jasho la bonde lile. Mara ya kwanza niliposimama Kilembe na kuona nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari kwenye mteremko, chuma kilichoshika kutu na majengo ya mgodi yaliyobaki ubavuni mwa mlima, nilielewa kitu ambacho sikuwahi kufundishwa darasani.

Kwa mchezaji, mji wa namna hii ni hazina: kila kona ina namba ya nyumba, bamba la chuma, daraja, ngazi za saruji zinazopanda na kuishia hewani. Halafu kuna mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 ulifurika ukaharibu nyumba na hospitali, na Mei 2020 ukarudia. Mawe uliyoyashusha, mengine makubwa kama gari, yamelala kwenye njia yake hadi leo. Ukitaka kumfundisha mtoto nguvu ya maji, msimamishe pale umwambie ayahesabu.

Jambo moja tu si la kujadili. Usiingie kwenye matundu ya mgodi wala mapango yenye popo, hata kama GPS inaelekeza huko na hata kama kijana wa pale anajitolea kukupeleka. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, hukuhuku magharibi mwa Uganda, waliambukizwa virusi vya Marburg, na popo wa humo ndio waliokutwa navyo. Hakuna daftari lenye thamani ya hilo.

Anga na ardhi

Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kama mita 5. Mbale mjini na Fort Portal ndivyo utakavyopata, bila shida. Ukisogea chini ya kuta za Wanale, mlima ulio juu ya Mbale, au ukiwa ndani kabisa ya bonde la Kilembe, milima inaficha sehemu ya anga, setilaiti zinazoonekana zinapungua, na nyingine mawimbi yake yanagonga mwamba kwanza ndipo yafike kwako. Mshale unarukaruka. Hapo simama, weka simu juu ya jiwe dakika mbili tatu, kisha tumia macho. Kilembe mara nyingi macho ndiyo yaliyonifikisha.

Kosa ninaloliona zaidi, hata hivyo, haliletwi na mlima. Jiokashi huandika kodineti kwa nyuzi na dakika zenye desimali, wakati ramani nyingi za simu zinatumia nyuzi zenye desimali peke yake. Dakika 12.5 si sawa na 0.125 ya nyuzi, ni 0.208, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60. Ukichanganya, umeshapotea kilomita 9. Na sisi wa Uganda tuna mtego wetu: ikweta inapita nchini. Ukiandika kaskazini badala ya kusini kwenye latitudo ya nusu nyuzi, umejipeleka zaidi ya kilomita 100 kando. Anayekwenda Kilembe kwa barabara ya Mbarara atavuka mstari huo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kabla ya Kasese. Washa simu, uone tarakimu zikishuka hadi sifuri halafu zianze kupanda. Watoto hupiga kelele hapo kuliko wanapopata kisanduku.

Kwa miguu: Mbale mjini ni tambarare, hata mwenye goti bovu ataimaliza, lakini njia ya kupanda Wanale ni kazi ya nusu siku. Fort Portal ni vilima vya kupanda na kushuka, na sehemu nzuri ziko mbalimbali, kwa hiyo bodaboda ya kutwa ni lazima. Elewana na dereva bei kabla hujapanda. Kilembe yote inapanda.

Watu na ruhusa

Hapa ndipo siku inapoharibika au kunoga.

Fikiria unavyoonekana. Umeshika simu mbele ya uso, unatembea hatua kumi, unarudi tatu, unainama, unaandika tarakimu. Kwa mwananchi mwenye shamba, mtu wa namna hiyo amekuja kupima ardhi, na kupimiwa ardhi bila habari ndiko mwanzo wa kunyang'anywa. Siku moja kwenye miteremko ya juu ya Mbale mzee alitoka kwenye migomba na panga mkononi, bila hasira, akauliza tu: "Vijana, mnapima shamba la nani?" Nilimwambia, "Samahani sana, mzee, tulipaswa kuanza kwako." Nikamwonyesha simu, kopo, daftari. Alikaa chini akasoma majina yote mle ndani, halafu akasema kopo hilo watoto wake wamelikuta mara nyingi na wamekuwa wakilirudisha bila kujua ni la nini. Tangu hapo sianzi kutafuta mahali penye nyumba kabla ya kusalimia.

Kilembe hofu ni ya madini. Ukipigapiga mawe pale, watu watajua umetumwa na kampuni. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mweleze, ukimwomba mtu wa kuongozana nanyi atakupa, na umlipe. Karibu na majengo ya mgodi uliza walinzi. Wakikataa, shukuru uondoke. Kuna faida nyingine: Kasese iko jirani na mpaka wa Kongo na Kiswahili kinasikika sana sokoni na stendi, na wazee waliofanya kazi kwenye shaba pamoja na watu wa makabila mengi wanakisema vizuri. Utapata masimulizi ambayo hayajaandikwa popote.

Mbale nayo ni mji wa biashara ulio karibu na Kenya, Kiswahili chako kitatosha, ila anza na "Mulembe" uone uso wa mtu unavyobadilika. Fort Portal Kiswahili ni kichache zaidi, lakini Watooro wana heshima yao ya empaako: majina 12 ya upendo ambayo watu huitana wakisalimiana, moja kati yake, Okaali, likiwa la mfalme. Utaulizwa lako. Ukisema huna, huenda ukapewa. Mimi nilipewa Araali na mama aliyekuwa akiuza parachichi, na ndilo ninaloliandika kwenye daftari za huko.

Kote kutatu, usiache kopo karibu na kituo cha polisi, kambi ya jeshi, daraja kubwa, benki wala stendi. Baada ya mabomu ya Kampala ya Novemba 2021, boksi lililofichwa ni jambo la kuogopesha, na afande akikuhoji anafanya kazi yake. Tumia kopo linaloonyesha kilichomo, ulibandike maelezo kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale. Ndani ya hifadhi za taifa usiache chochote bila kibali. Na usisajili kisanduku cha kudumu kwenye mji usioweza kuurudia kukitunza.

Mvua na chakula

Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, ndiyo miezi mizuri. Kilembe mwezi wa Mei usiende, mto umeshasema mara ngapi. Mbale pia ilipata mafuriko makubwa mwishoni mwa Julai 2022, kwa hiyo mawingu yakijikusanya juu ya Wanale ondoka kwenye kingo za mito.

Chakula ni rahisi. Mbale ulizia malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Fort Portal kuna soko kubwa na hoteli nyingi za kawaida. Kilembe ni duka moja moja, kwa hiyo nunua roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) na maji Kasese kabla ya kupanda.

Nani aende wapi

Kama unaishi mashariki, au hii ni safari yako ya kwanza nje ya mji wako, au una wasaa wa siku moja kwelikweli bila kulala, nenda Mbale. Ni hiyohiyo kwa anayependa mafumbo ya tarakimu na majengo.

Kama unasafiri na watoto wadogo au wageni ambao hawajali jiokashi, Fort Portal. Wewe ukitafuta, wao wana pango, maziwa ya kreta na Karuzika ya kutazama, na hakuna atakayesema amepotezewa siku. Mwalimu wa jiografia pia asitafute kwingine.

Kama una siku mbili, miguu mizuri na hamu ya mji wa zamani wenyewe, Kilembe. Usiende peke yako wala kwa haraka. Haimfai anayetaka kupata visanduku vingi kwa siku, na haimfai asiyependa kuzungumza na watu.

Kama uko Kampala na una wikendi ndefu, usichague: lala Fort Portal Ijumaa, cheza huko Jumamosi, Jumapili alfajiri shuka Kasese upande Kilembe, Jumatatu urudi kwa barabara ya Mbarara ili ikweta uivuke mchana.

Na kama mnakwenda na mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, bandarini au kwenye viwanda vya Jinja, mpeleke Kilembe hata kama mtatembea mita mia mbili tu. Mpeni yeye simu aishike.